Njia ya Maji Chini ya Njia ya Watu

Abiria aketiye ndani ya matatu iendayo mbio hana habari na kalvati. Akilitambua, hulitambua kwa mruko mdogo tu wa magurudumu, na kabla hajageuza shingo atazame, gari limekwisha kupita. Chini yake limelala bomba la saruji, au la bati lenye mikunjo, lililofukiwa siku ile barabara ilipojengwa, nalo hupitisha kijito ambacho jina lake halikuandikwa kwenye kibao chochote. Mhandisi wa barabara hulipima kwa swali moja: je, maji yanapita? Yakiwa yanapita na lami haijakatika, kalvati ni zima, na fedha zitumike kwingineko. Ni mpaka kutu itoboe bati, au saruji ipasuke na mvua za masika zizoe nusu ya barabara, ndipo watu wakumbuke kwamba palikuwa na kitu pale. Hapo lori huleta bomba jingine, aghalabu la kipimo kilekile, likatiwa mahali palepale, na kusahaulika kukaanza upya.

Kasoro ya swali la mhandisi ni kwamba maji hayapiti peke yake. Ndani yake wamo wasafiri, na baadhi yao husafiri kinyume cha mkondo, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu huko juu ndiko wanakozalia. Kwa wasafiri hao bomba laweza kuwa zima kabisa machoni pa idara ya barabara, ilhali limekuwa mlango uliokomewa kwa miaka 50. Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, jambo hili lionekanalo dogo lilipandishwa ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu ya nchi ile, na uamuzi wake umelazimisha mamia ya makalvati kufukuliwa. Kisa hicho kinastahili kufuatwa kwa utulivu, kwani ndani yake mna swali lisilojua mipaka ya nchi: aliyefunga njia bila ya kukusudia, je, ana deni?

Msafiri anayehusika huko ni samoni. Huyu huanguliwa katika changarawe ya kijito chenye maji baridi, akakaa humo miezi kadhaa au hata zaidi ya mwaka, kwa kutegemea aina yake, kisha akateremka na mto hadi bahari ya Pasifiki. Huko hula na kunenepa kwa miaka. Siku zake zinapotimia hurejea, na harejei popote tu. Hurejea katika mto uleule, mara nyingi kijito kilekile alikoanguliwa, akiongozwa mwishoni mwa safari na harufu ya maji yake. Akifika, jike huchimba changarawe kwa mkia na kutaga, na aina nyingi za samoni wa Pasifiki hufa muda mfupi baada ya kuzaa. Mizoga yao huliwa na dubu, ndege na wadudu, na ile inayosalia huoza ikawa mbolea ya miti ya kandokando. Hivyo bahari hupanda mlimani kila mwaka ikiwa imebebwa na samaki.

Sasa na tumwazie samaki huyo akifika barabarani. Kijito kilichokuwa na upana wa mita tatu kimebanwa kikapita katika bomba la mita moja. Maji yaliyobanwa hukimbia, na ndani ya bomba hamna jiwe wala mzizi ambao samaki angejibanza nyuma yake apumzike kabla ya kusonga tena. Akishindwa katikati, hurudishwa alikotoka. Isitoshe, maji yanayochupa kwenye mdomo wa bomba huchimba ardhi ya chini yake mwaka baada ya mwaka, hata dimbwi likazama na bomba likabaki linaning'inia hewani kama bomba la paa. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: maji hutandaa ndani ya bomba yakawa membamba kama karatasi, yasiweze kufunika mgongo wa samaki. Samoni mkubwa aweza kuruka. Sifa yake ndiyo hiyo. Lakini vifaranga vya urefu wa kidole, ambavyo navyo huhitaji kupanda na kushuka vikitafuta chakula na maji matulivu, haviwezi kuruka hata kimo cha kikombe. Kalvati laweza basi kumruhusu mzazi na kumfungia mtoto, na mtu apitaye juu akaapa kuwa aliona samaki upande wa pili.

Kwa nini hili liwe suala la mahakama na si la mafundi? Jibu limo katika mikataba iliyotiwa sahihi miaka ya 1854 na 1855. Gavana wa eneo hilo wakati huo, Isaac Stevens, aliwakusanya viongozi wa makabila ya wenyeji wa asili, Wanisqually, Wasuquamish, Wamakah, Walummi na wengineo, akawataka waiachie serikali ya Marekani ardhi yao karibu yote na kuhamia maeneo madogo waliyotengewa. Wakakubali, au wakakubalishwa. Lakini kitu kimoja hawakukitoa: haki ya kuendelea kuvua samaki katika sehemu zao za desturi, kwa pamoja na raia wengine. Mwanafunzi wa lugha atavutiwa na jambo moja hapa. Mazungumzo hayo hayakufanywa kwa Kiingereza wala kwa lugha za wenyeji, bali kwa pijini ya wafanyabiashara wa pwani ile, yenye msamiati wa maneno ya mamia tu. Ardhi yenye ukubwa wa nchi ilihama mikono kwa maneno ambayo yangeenea katika kijitabu. Kwa sababu hiyo mahakama za huko zimeshikilia kanuni kwamba mikataba ya aina hii isomwe kama walivyoielewa wale waliokuwa wakisikiliza, si kama alivyoielewa aliyekuwa na kalamu.

Kanuni hiyo haikuja bure. Mwaka 1945 mvulana wa Kinisqually mwenye umri wa miaka 14, Billy Frank, alikamatwa na maafisa wa serikali kwa kosa la kuvua katika mto ambao mababu zake walivua. Alikamatwa tena na tena, zaidi ya mara 50 katika maisha yake, katika vita vya nyavu na marungu vilivyotokota hadi miaka ya 1970. Hatimaye, mwaka 1974, Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yale yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa kila msimu. Mahakama ya Juu ikaunga mkono msingi wa hukumu hiyo mwaka 1979, na ikaeleza kuwa ahadi ya mkataba haikuwa ruhusa ya kuchovya nyavu majini mara mojamoja tu. Wengi walidhani kesi imekwisha hapo.

Haikuisha, kwa sababu nusu ya kitu kinachopungua kila mwaka hupungua nayo. Mwaka 1999 samoni aina ya Chinook wa ghuba ya Puget waliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1973. Sababu za kupungua kwao zilikuwa nyingi: mabwawa ya umeme, magogo, uvuvi, miji. Miongoni mwazo, sababu moja ilikuwa na mwenyewe anayejulikana na anwani yake, nayo ni makalvati yaliyo chini ya barabara za jimbo. Mwaka 2001 makabila 21 pamoja na serikali ya kitaifa wakalishtaki jimbo la Washington. Hoja yao ilikuwa nyepesi kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kwa nini haikutolewa mapema: haiwezekani kumwahidi mtu samaki na papo hapo kuziba njia ambayo samaki hupitia ili wazaliwe.

Jimbo nalo lilikuwa na la kusema, na si haki kulidharau. Lilidai kwamba barabara hazikujengwa kwa nia ya kumdhulumu yeyote. Likaongeza kuwa michoro ya makalvati mengi ilitokana na mwongozo wa serikali ileile ya kitaifa iliyosimama upande wa washtaki. Likasema kwamba gharama ingekuwa ya mabilioni ya dola, na kwamba jambo la busara lingekuwa kusubiri kila kalvati lizeeke, kisha libadilishwe kwa zamu pamoja na matengenezo mengine ya barabara. Hoja hii ya mwisho ndiyo hasa kiini cha mzozo wote. Kalvati huzeeka kwa kalenda gani? Kwa kalenda ya saruji na bati, bomba laweza kudumu miaka mingi. Kwa kalenda ya samaki, bomba lililotundikwa sentimita 60 juu ya dimbwi lilikuwa limekwisha kuzeeka tangu siku lilipoanza kuning'inia. Kizazi kimoja cha samoni ni miaka michache tu. Kusubiri miaka 30 ni kusubiri vizazi visiopungua vitano ambavyo havitazaliwa.

Jaji Ricardo Martinez aliamua mwaka 2007 kwamba jimbo limevunja ahadi ya mkataba, na nia njema haibadilishi hilo. Mwaka 2013 akatoa amri: kufikia mwaka 2030 idara ya barabara ifungue asilimia 90 ya makazi ya samaki yaliyozibwa na makalvati yaliyotajwa katika kesi. Yale machache yanayoziba sehemu ndogo yaruhusiwe kusubiri umri wake uishe. Mtu aweza kuona humo mkono wa jaji aliyesikiliza pande zote mbili. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye mwaka 2016. Tarehe 11 Juni 2018 Mahakama ya Juu ilitoa jibu lake, na ni vigumu kutotabasamu. Jaji mmoja, Anthony Kennedy, alikuwa amejiondoa kwa sababu aliwahi kushughulikia kesi hiyohiyo mwaka 1985 alipokuwa jaji wa rufaa. Wanane waliobaki wakagawanyika wanne kwa wanne. Kura zinapolingana, hukumu ya chini husimama. Karne moja na nusu ya ahadi, na miaka 17 ya mabishano, vikamalizwa kwa sentensi moja isiyo na maelezo. Billy Frank hakuwapo kuisikia. Alifariki mwaka 2014.

Ni rahisi kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini hukumu haichimbi. Kalvati lazima liondolewe na watu wenye mashine, ndani ya kijito chenye uhai, na hapa ndipo kazi inapokuwa na mtego wake: njia ya haraka kabisa ya kuangamiza samaki wa kijito ni kukitengeneza ovyo.

Kwanza hupimwa kijito chenyewe, si bomba. Mafundi hupanda juu na chini, mbali na barabara, wakapima upana wa maji yanapojaa hadi ukingoni kabla ya kufurika. Mwongozo wa jimbo hilo hutaka jengo jipya liwe na upana huo mara 1.2, na kuongezwa sentimita 60 hivi. Kwa kijito cha mita tatu, hiyo ni mita 4.2 mahali palipokuwa na bomba la mita moja. Sakafu yake haiwi saruji tupu. Hutandikwa mawe, changarawe na mchanga, kwa mteremko wa kijito chenyewe, ili samaki asitambue kwamba ameingia chini ya barabara. Pengine huonekana kuwa ni afadhali kujenga daraja dogo. Gharama yake ndiyo inayowatoa jasho wabunge wa huko.

Kisha huja majira. Kazi ndani ya maji huruhusiwa kwa wiki chache tu za kiangazi, baada ya vifaranga vya msimu uliopita kutoka kwenye changarawe na kabla ya wazazi wa msimu ujao kufika. Mkandarasi aliyezoea kupanga kazi kwa upatikanaji wa saruji hulazimika kupanga kwa ratiba ya samaki. Nyavu huwekwa juu na chini ya eneo la kazi. Wataalamu wa viumbe huingia majini na ndoo, wakakokota wavu mdogo taratibu, wakakusanya samaki na kuwahamisha. Wanaosalia chini ya mawe hutolewa kwa kifaa kinachopitisha umeme majini ili kuwazubaisha kwa sekunde chache. Ndipo kijito kinapozibwa na maji yake kupitishwa pembeni kwa pampu, na mdomo wa pampu hufunikwa kichujio chenye matundu madogo ili isivute vifaranga. Saruji mbichi hairuhusiwi kugusa maji yanayotiririka, kwani huyafanya makali kama magadi na kuua. Hata siku ya kurudisha maji hakuna kufungua kwa mkupuo. Maji ya kwanza huwa tope tupu, na tope likitua juu ya changarawe hunyima mayai hewa. Basi hurudishwa kidogokidogo, na yale machafu hupampiwa kando yazame ardhini.

Pamoja na uangalifu wote huo, baadhi ya samaki hufa. Sheria yenyewe hulijua hilo. Kibali kinachotolewa kwa kazi ya namna hii hutaja mapema kiasi cha viumbe walio hatarini ambao kazi hiyo yaweza kuwadhuru au kuwaua. Msomaji anayekutana na jambo hili mara ya kwanza huenda akashtuka: yawezekanaje kumlinda kiumbe kwa hati inayohesabu vifo vyake? Hata hivyo, lingekuwa jambo baya zaidi kama vifo hivyo visingehesabiwa. Hesabu humlazimisha mkandarasi kusimama akifikia kikomo. Kinyume chake ni ule uchimbaji unaofanyika bila ndoo wala wavu, ambao vifo vyake huandikwa sifuri kwa sababu hakuna aliyetazama.

Shaka zipo pia, na haifai kuzificha. Amri ya mahakama ilihusu makalvati ya jimbo peke yake. Kijito kimoja chaweza kupita chini ya barabara ya jimbo, ya kaunti, ya reli na ya shamba la mtu binafsi, na kufungua mlango mmoja wakati mingine imefungwa ni kumkaribisha mgeni sebuleni ilhali lango la ua lina kufuli. Fauka ya hayo, mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba kemikali inayotokana na kuchakaa kwa magurudumu ya magari, ikisombwa na mvua hadi mitoni, huwaua samoni aina ya Coho kwa muda wa saa chache. Barabara basi haizibi njia tu. Hutema sumu vilevile, na kalvati pana halichuji sumu. Anayedhani kazi imekamilika kwa kubadilisha bomba hajafuata maji hadi mwisho.

Na mwisho wa maji ni bahari. Huko kuna kundi la nyangumi wauaji ambao chakula chao kikuu ni Chinook. Waliorodheshwa kuwa hatarini mwaka 2005, na idadi yao haifiki 80. Katika kiangazi kilekile cha mwaka 2018, majuma machache baada ya Mahakama ya Juu kutoa sentensi yake moja, jike mmoja wa kundi hilo alizaa ndama aliyekufa baada ya muda mfupi. Mama huyo alimbeba mtoto wake maiti kwa siku 17, akimsukuma kwa kichwa kila alipozama. Dunia nzima ilitazama picha zile. Si haki kusema kalvati fulani lilimuua ndama yule. Lakini kati ya bomba linaloning'inia porini na nyangumi mwenye njaa baharini upo uzi, nao ni samaki.

Uzi wa aina hiyo upo humu nchini pia, ingawa haukupata jaji wa kuufuata. Ziwa Viktoria lina samaki aitwaye ningu, asiyepatikana kwingineko ila katika bonde la ziwa hilo na mito yake. Mvua zinapoanza na mito kuchafuka, ningu mwenye mayai huondoka ziwani akapanda Nzoia, Yala au Sondu-Miriu, akatafuta tambarare zilizofurika na vijito vya msimu ili azalie humo. Zamani alikuwa mlo na biashara kubwa ya wakazi wa mito ile. Kilichomwangusha si barabara; ni nyavu zilizotandwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa wazazi kabla hawajazaa, hata kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ukaporomoka. Leo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Lakini ni wale wachache waliosalia ndio wanaoweza kukutana na bomba. Mto mkubwa hupewa daraja. Kijito cha msimu, kile hasa kinachotafutwa na ningu, ndicho hupewa kalvati.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 42, hukataza kuweka, kubadilisha au kuondoa jengo lolote ndani ya mto au chini yake bila ya idhini. Kalvati ni jengo la namna hiyo. Anayeandika tathmini ya mazingira ya barabara ya mashambani ana nafasi ya kuuliza, kabla ya lori la mabomba kuondoka kiwandani, ni samaki gani hupanda pale na mwezi gani. Jibu halihitaji maabara. Wavuvi wazee wa mito ile hulijua, kwa kuwa walijua siku ya kutega migono. Nalo hugeuza mambo machache yasiyo ghali: kitako cha bomba kizikwe chini ya sakafu ya kijito badala ya kulazwa juu yake, upana wake ufuate upana wa maji, na uchimbaji uishe kabla ya masika.

Masika yakifika, mvua ya kwanza hunyesha usiku milimani, na kufikia asubuhi maji ya rangi ya udongo hupita chini ya barabara. Watoto waendao shule husimama ukingoni kutazama. Juu yao matatu huruka kidogo kwenye kalvati na kuendelea na safari. Chini, mahali ambapo maji ya kijito hukutana na ya mto, ningu aliyejaa mayai hugeuza kichwa kuelekea mkondo unakotoka.